Chumvi Iliyovaa Shati

Wanaume walipoondoka na jeneza la Bi Zena kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwa binti yake, hapa Gongoni, tukamalizia kisomo. Kisha kikaletwa chakula. Nilikabidhiwa kisanduku cheupe, chepesi kama povu, kilichotiwa ndani ya mfuko. Ndani yake mlikuwa na pilau, kijiko cha plastiki kilichovikwa nailoni yake, kipakiti cha pilipili kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na karatasi ya kufutia mikono ambayo nayo ilikuwa imevalishwa. Pilau yenyewe ilikuwa matonge machache. Nilikuwa bado ninafungua vitu nilipomsikia binamu yangu Hadija akiwaambia wasichana waliomzunguka:

"Mungu amrehemu, lakini kijicho chake kilikuwa hakilali. Ng'ombe wa mjomba wangu kule Isevya alimkosea nini? Ndama mzima kageuzwa mifuko!"

"Astaghfirullah, Hadija, hata hajafukiwa," alisema mama mmoja. Lakini hakusema kwamba si kweli.

"Kageuzwaje mifuko, bibi?" msichana mmoja aliuliza, macho yamemtoka.

Hadija akajiweka sawa ili asimulie. Nikamwambia, "Hadija, wewe hukuwapo."

"Nimesimuliwa, dada."

"Mimi nilikuwapo."

Akanyamaza, si kwa kuniamini, bali kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

Nilitumikia masijala tangu nilipoajiriwa mpaka nilipostaafu. Mtu wa masijala anajua kwamba kosa likiachwa ndani ya jalada, kila anayelifungua baadaye hulinakili, na baada ya muda mwenye kulisahihisha ndiye anayeonekana mkorofi. Bi Zena hakuwa na jalada mahali popote. Alichokuwa nacho ni jina, na jina hilo limechafuliwa tangu nikiwa mtoto wa darasa la pili mpaka alipowekwa kaburini. Basi ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, ambao wengi wao waliisikia habari hii na wameirudia, ili ijulikane ilivyokuwa.

Duka la baba lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu pale Isevya. Nikifumba macho hata leo ninaipata harufu yake: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na juu ya hizo zote ule unyevu wa gunia la chumvi. Chumvi ilitoka Uvinza, ikapanda treni mpaka Tabora. Ilikuwa ya mawemawe, yenye rangi ya majivu, na baba aliipima kwa kopo lililokuwa na mpini wa waya. Kila mnunuzi alikuja na chombo chake. Mwenye kibuyu alikuja na kibuyu, mwenye sufuria alikuja na sufuria, na aliyesahau alifungiwa kwenye jani la mgomba huku akisemwa. Mimi niliwajua watu kwa vyombo vyao kabla sijayajua majina yao. Bi Zena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza vitumbua asubuhi, alikuwa na bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi chini kwa umbo ambalo mimi niliona ni sikio la punda. Hakuna aliyetoka dukani kwetu na kitu cha kutupa. Hatukulihesabu jambo hilo kuwa ni wema. Ndivyo dukani kulivyokuwa.

Kisha ikaja chumvi ya pakiti. Ilikuwa nyeupe mno na laini, imetiwa katika vijipakiti vya nailoni vyenye picha ya korongo amesimama kwa mguu mmoja. Vijipakiti vilifungwa pamoja ndani ya nailoni nyingine kubwa, na mafungu hayo yakafungwa tena ndani ya robota lenye nailoni ya tatu. Baba alipolifungua robota la kwanza mtaa mzima ulisimama mlangoni. Sisi watoto tuligombea nailoni za nje: tulifunikia madaftari, tulivaa kichwani wakati wa mvua, tulizijaza upepo na kuzipasua masikioni mwa wenzetu. Nilidhani kwamba watu wa kiwandani walikuwa wametutumia zawadi mbili, chumvi na nguo yake, na kwamba ya pili ndiyo ya thamani zaidi. Baba naye, nadhani, alifikiri hivyohivyo. Alilikunja gunia la Uvinza akaliweka chini ya kitanda kama mtu anayeficha nguo ya zamani.

Bi Zena hakukubali. Alifika siku hiyo na bakuli lake, akapewa pakiti, akaigeuzageuza.

"Hiki nini, baba Mwanaidi?" Mwanaidi ndiye mimi.

"Chumvi, Bi Zena. Ya kisasa."

"Mimi nimekuja kununua chumvi. Sikuja kununua shati la chumvi." Akaitoboa kwa meno, akaimimina ndani ya bakuli, akakung'uta, kisha akaitupa nailoni juu ya meza ya baba. "Shati hilo mvalishe mwanao."

Watu walicheka. Baba alicheka pia, lakini kwa mdomo tu. "Haya ni maendeleo, jirani."

"Maendeleo ya kwenda jalalani? Mimi kwangu sina jalala. Kaa nayo."

Tangu siku hiyo hakubadilika. Kila alipokuja alitoboa, akamimina, akaiacha nailoni mezani, na kila mara alikuwa na neno. Mara "chumvi yenu inavaa kuliko mimi mjane," mara "hebu nivulie huyu bwana." Hakuwa mtu mpole; sitaki nimfanye malaika kwa sababu amekufa. Alikuwa na ulimi mkali, na mbele ya wateja aliutumia bila huruma. Baba alizikusanya nailoni zake pamoja na za nyumba yetu na za wanunuzi wengine walioanza kumwiga, akazitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyoweza kuzichezea. Zilibaki na chumvi ndani, kwenye pembe na mikunjo.

Nyuma ya nyumba ndipo alipofungwa Chausiku.

Chausiku alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, na hakuwa wetu. Alikuwa wa Mzee Shija wa kijiji cha Choma, rafiki wa baba, ambaye alikuwa amemkabidhi kwetu kwa desturi ya watu wa ng'ombe: sisi tumlishe na tukame maziwa, ndama wa kwanza awe wa mwenyewe, wa pili awe wetu. Akifa kwa maradhi au kwa jambo lisilozuilika, mtunzaji humwonyesha mwenye ng'ombe ngozi, nao hubaki marafiki. Akifa kwa uzembe, mtunzaji hulipa ng'ombe. Ndama wa kwanza alikuwa amekwisha kwenda Choma. Huyu aliyekuwa akisubiriwa ndiye angekuwa wetu, na baba alikuwa ameniahidi kwamba nitamchagulia jina.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Chausiku naye alianza kutanuka. Mimi nilijua, kwa ujuzi wa mtoto, kwamba wanashindana. Jioni nilisimama kati ya jiko na zizi, nikamtazama huyu, kisha huyu, nikajaribu kukisia nani atamtangulia mwenzake. Mama alikula sana na kupata nguvu. Chausiku alikula kidogo, mbavu zake zikatokeza, lakini tumbo lilizidi kukua. Nilimhurumia, nikadhani ndama ndiye anayemla kwa ndani. Alichopenda ni kujisogeza mpaka mwisho wa kamba yake, ukingoni mwa shimo, na kulamba. Ng'ombe hupenda chumvi kuliko majani. Nilimwona akilamba nailoni, ikamganda ulimini, akaivuta kinywani. Nilimcheka kwa sababu alionekana kama mtu anayekula ubani wa kutafuna. Hakuna aliyeniambia kwamba lile ni jambo la kutisha, kwa sababu hakuna aliyejua.

Baba alimpelekea salamu Mzee Shija kwamba mimba imekamilika. Mama alianza kusema maziwa ya mtoto hayatakuwa shida. Na ndipo lilipotokea lile neno.

Asubuhi moja Bi Zena alikuja kununua chumvi, akatoboa pakiti yake, akaitupa nailoni. Safari hii ilimwangukia baba mkononi. Baba alikuwa amechoka, au alikuwa amekumbuka ukubwa wake.

"Bi Zena, kama pakiti hazikufai, kanunue kwingine. Usinichafulie meza."

"Mezani kwako ndiko zilikotoka."

"Nenda, bibi. Nina ng'ombe wa kumzalisha, sina wakati wa kubishana."

Bi Zena alichungulia uani kupitia mlango uliokuwa wazi, akamtazama Chausiku. Akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote waliokuwa kwenye foleni, "Ng'ombe gani? Yule hana mimba. Mmemjaza upepo, kama hizo nailoni zenu."

Nilikuwapo, nimeshika mguu wa meza. Nathibitisha kwamba aliyasema maneno hayo. Nathibitisha pia kwamba aliyasema kwa hasira, kumkomoa baba, na kwamba hakujua chochote kuhusu tumbo la ng'ombe zaidi ya sisi. Watu waliguna. Kumwambia mtu mbele za watu kwamba mimba anayoitarajia haipo, hata kama ni ya mnyama, ni neno zito. Mama alilisikia akiwa jikoni, akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe.

Hazikupita siku nyingi Chausiku akalala na hakuamka. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, akikoroma. Baba alimkimbilia mchinjaji, naye akamwahi kwa kisu kabla hajafa, ili nyama iwe halali na tusipoteze kila kitu. Majirani walijaa. Mchinjaji alifungua akitafuta ndama. Alitafuta huku, akatafuta kule. Halafu akalipasua tumbo la chakula, akaingiza mikono yote miwili, akatoa donge kubwa kama mtungi wa maji, limeshonana, la kijani na la kijivu, linanuka. Akaliangusha chini.

"Hii nini?" baba aliuliza.

"Nailoni," alisema mchinjaji. "Ndama hayupo. Ni nailoni tupu."

Sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikasema, "Si alisema? Si alisema hana mimba, mmemjaza nailoni?" Na papo hapo, kabla damu haijakauka, shauri likakatwa. Ng'ombe hali mifuko. Nani amewahi kuona ng'ombe anakula mifuko? Mifuko ile imetiwa. Na ni nani aliyekuwa akiikataa kila siku, akiirudisha mezani, akisema kwake hana jalala? Amepata pa kuirudisha. Ilionekana wazi kabisa. Hata leo, nikiisikiliza hoja ile kwa sikio la mtu aliyesoma majalada mengi, ninaona jinsi ilivyofungamana vizuri. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni ukweli.

Watu walipohamia kwenye nyama, nilibaki na donge. Mimi sikuwa na shaka kwamba ndama yumo. Maishani mwangu nilikuwa nimeona kitu kimoja tu kinachofungwa ndani ya nailoni, na nailoni hiyo ndani ya nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena. Na kila mara, ukivumilia kufungua, mwishoni unakikuta chenyewe. Kwa hiyo nilichuchumaa nikafungua. Nilibandua moja baada ya nyingine, nikizipanga kando ili nisizirarue. Mikono ilinuka, kucha zilijaa uchafu. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia jina: Hidaya. Katikati ya donge nilibandua kipande cha mwisho. Ndani yake hamkuwa na kitu. Juu yake, amefifia lakini anaonekana, alikuwapo korongo amesimama kwa mguu mmoja.

Nilikwenda nacho kwa baba. "Baba, hizi ni za dukani kwetu. Zote ni za korongo. Chausiku alikuwa akizilamba shimoni."

Baba alikitazama kile kipande muda mrefu. Alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, wa mtu aliyeulizwa swali mbele ya darasa. Kisha akakichukua, akakikunja kidogokidogo, akakitia mfukoni. "Nenda kamwangalie mama yako," alisema.

Mzee Shija alifika kutoka Choma na baiskeli yake. "Mwangaluka," alisalimu kwa lugha yake, akakaa ukumbini, akaonyeshwa ngozi. Mimi nilitumwa kumpelekea maji, nikabaki nyuma ya pazia.

"Ilikuwaje, swahiba?" aliuliza.

Kama baba angesema ng'ombe alikula takataka za duka lake, ule ungekuwa uzembe, na tungedaiwa ng'ombe ambaye hatukuwa naye. Kama angesema ni husuda ya mtu, hakuna ambaye angekuwa na lawama. Mzee Shija naye, nadhani, hakutaka kudai. Alimpenda baba, na kudai kungewafarakanisha. Alilisubiri neno lile kama anavyosubiri maji mwenye kiu.

"Ni jirani," baba alisema. "Alitamka mbele za watu."

Mzee Shija akashusha pumzi. "Haya. Binadamu tuna mambo." Akaifunga ngozi nyuma ya baiskeli, wakapeana mikono, urafiki wao ukasalimika mpaka walipokufa.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa na siku chache tangu ajifungue mdogo wangu, amekaa kitandani na mtoto kifuani. Baba alipoingia alimwambia, bila kupandisha sauti, "Mmemalizana ninyi wawili kwa jina la mtu ambaye hakuwapo."

"Ulitaka nilipe kwa nini? Kwa huyo mtoto?"

Kesho yake mama alimtuma shangazi kwenda kununua vitumbua kwa Bi Zena. Shangazi alirudi na sinia zima, akasema ndiye mnunuzi pekee aliyemkuta. Mama alifanya hivyo kila asubuhi mpaka arobaini yake ilipotimia, lakini nyumba moja haiwezi kula vitumbua vya mtaa. Watoto walianza kupita mbali na mlango wa Bi Zena. Wajawazito walivuka barabara. Mwishowe alifungasha vitu vyake akahamia Gongoni. Alipopita mlangoni kwetu, bakuli la bati lilikuwa juu kabisa ya mzigo. Hakutukana, yeye aliyekuwa na ulimi ule. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba aliendelea kuuza chumvi ya pakiti. Shimo alilifukia, akachimba jingine.

Najua watakaosema kwamba hayo yamepita, na kwamba mifuko ya plastiki imekwisha kupigwa marufuku. Nami nilishangilia marufuku hiyo, nikadhani jambo limefungwa. Lakini ulioondoka ni mfuko wenye masikio ya kubebea; shati la chumvi lipo, na siku hizi linavaa koti juu yake. Nimenunua dawa ya meno iliyokaa ndani ya boksi, boksi likiwa ndani ya nailoni. Nimeletewa zawadi ya asali kutoka Dar es Salaam, asali iliyotoka hapahapa Tabora, ikiwa imezungushiwa vitu vingi kuliko asali yenyewe. Mimi ninakwenda dukani na vyombo vyangu. Vijana wa duka wananiita Bibi Mabakuli, na kila mara wananiambia, "Bibi, chukua tu, kifungashio ni bure." Ninawajibu kwamba namjua aliyekilipia.

Hayo yote yalinipita kichwani pale msibani, kisanduku cha povu kikiwa mapajani. Niliwaeleza wale wasichana nilichokiona: shimo, kamba, ulimi wa ng'ombe, korongo. Wawili walisikiliza. Hadija alisema, "Dada, lakini si alitamka?" Nikasema, ndiyo, alitamka. "Basi," akasema, akafungua kijiko chake.

Nilitoka. Mlangoni, visanduku vyeupe vilikuwa vimerundikwa vimemwagikia mtaroni, na ng'ombe mmoja wa rangi ya udongo alikuwa amesimama ndani ya mtaro, kichwa ndani ya rundo. Alikuwa amekonda mabegani. Tumbo lilikuwa pana, limekaza upande mmoja. Mwanamke kijana, na kamba mkononi, mtoto mgongoni, alikuwa akizungumza na mwenzake.

"Hongera, shoga, huyo hamalizi mwezi," mwenzake alimwambia.

"Inshallah. Ndama huyu tumemngoja."

Nilijua nikilisema litasikika namna gani. Msiba ulikuwa umejaa watu, na mimi ni mzee, peke yangu, natoka kwenye msiba wa Bi Zena. Niliushuka ukingo wa mtaro nikamsogelea.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani. Ng'ombe huyu hana mimba."

Yule mama kijana alinitazama. Akavuta kanga, akamfunika mtoto wake uso.